Kuyapima Maneno ya Wagombea

Masomo ya Watu Wazima kwa Redio. Haya ni maneno ya somo kama yalivyosomwa hewani. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wanafunzi wanaopenda kuyasoma tena darasani.

Natumaini taa inawaka vizuri na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Leo tutafanya hesabu chache za kutoa na kugawanya. Aliyekwisha kujifunza hesabu hizo ataziweza bila taabu. Ambaye bado, aketi karibu na mwenzake.

Somo letu ni maneno ya wagombea wakati wa uchaguzi. Mnaujua wakati huo. Gari lenye vipaza sauti linapita, picha zinabandikwa ukutani na juu ya miembe, watu wanagawiwa fulana na kanga, na simu ya mkononi hailali. Zamani karatasi za wagombea ulisomewa na mtu mwingine, naye alikusomea alichotaka ukisikie. Sasa unaweza kuzisoma mwenyewe. Hilo ni jambo kubwa. Lakini kulisoma neno ni kazi moja, na kujua kama ni la kweli ni kazi nyingine. Ukisoma juu ya mfuko, "Sukari kilo moja", umesoma vizuri, lakini hujajua bado kama ndani mna kilo moja. Utajua ukiuweka kwenye mizani.

Basi tuanze na swali hili: ni maneno gani yanayoweza kupimwa? Mgombea akisema, "Nawapenda sana watu wa kata hii," hatuna mizani ya mapenzi. Mwacheni apite. Akisema, "Mpinzani wangu hana moyo," hilo nalo halipimiki. Lakini tuseme anasimama na kusema, "Katika miaka mitano nimewachimbia visima 12." Hapo ametupa kitu cha kukamata. Msipige makofi upesi. Mwulizeni kwa adabu: Ndugu mgombea, visima hivyo viko katika vijiji gani? Atutajie kimoja kimoja. Kisha ulizeni: vingapi vinatoa maji leo? Maana kisima kilichokauka mwezi wa pili baada ya kuchimbwa bado kinahesabiwa katika hotuba, lakini mama mwenye ndoo hakihesabu. Tena ulizeni: nani alilipa? Pengine fedha zilitoka katika kodi zetu, pengine msikitini au kanisani, pengine watu wa kijiji walichanga wenyewe.

Swali hilo la mwisho nalijua kwa sababu liliniaibisha. Nilihudhuria mkutano mmoja, mkubwa wa pale akasema amejenga madarasa kadhaa, nami nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Njiani kurudi nyumbani nikakumbuka kwamba darasa moja katika yale aliyoyataja nililijua tofali kwa tofali. Tulilijenga sisi wazazi, na mimi mwenyewe nilibeba maji ya kukandia udongo. Nilikuwa nimemshangilia mtu kwa jasho langu.

Sasa nataka kuwapeleka mbali kidogo, mpaka Uingereza. Nina sababu mbili. Ya kwanza, hesabu nitakayowaonyesha ilikaguliwa hadharani. Ya pili, siasa za huko si zetu, kwa hiyo hapana mtu darasani atakayekasirika kwamba nimemgusa mtu wake. Tujifunze mizani kwa mzigo wa watu wa mbali, kisha tutapima wa kwetu.

Mwaka 2016 watu wa Uingereza waliulizwa kwa kura: nchi yao ibaki katika Umoja wa Ulaya, au itoke? Umoja huo ni muungano wa nchi nyingi za Ulaya, kama sisi tulivyo na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kila nchi hutoa mchango wake. Kura ilipangwa kupigwa tarehe 23 Juni. Wale waliotaka nchi itoke walichukua basi kubwa jekundu. Ubavuni mwake wakaandika, kwa herufi ambazo mtu anaziona kutoka ng'ambo ya barabara, kwamba kila juma Uingereza hupeleka paundi milioni 350 kwa Umoja wa Ulaya, na kwamba afadhali fedha hizo zitumike kwa matibabu ya watu. Basi hilo likazunguka nchi.

Je, ilikuwa kweli? Shikeni kalamu.

Uingereza ilikuwa na punguzo katika mchango wake. Punguzo hilo lilipatikana mwaka 1984, wakati Margaret Thatcher alipokuwa Waziri Mkuu, na lilikatwa kabla fedha hazijatoka nchini. Fikirini shati dukani limeandikwa shilingi 10,000, lakini wewe mwenye duka amekukubalia ulipe 7,000. Umetoa shilingi ngapi mfukoni? Umetoa 7,000. Zile 3,000 hazikutoka kamwe. Huwezi kumwambia mkeo, "Leo sikununua shati, kwa hiyo tuna 10,000 za kununulia unga." Mna 7,000 tu.

Mwaka 2015, baada ya punguzo, Uingereza ililipa kiasi cha paundi milioni 13,000. Mwaka una majuma 52. Andikeni 13,000, mgawanye kwa 52. Nangoja kidogo.

Jibu ni 250. Basi kwa juma ni milioni 250, si milioni 350.

Hatujamaliza. Umoja wa Ulaya nao ulirudisha fedha Uingereza, kwa wakulima na kwa sehemu zilizo nyuma kimaendeleo. Mwaka huo zilikadiriwa kuwa kiasi cha paundi milioni 4,500. Andikeni 13,000, mtoe 4,500. Zinabaki 8,500. Gawanyeni tena kwa 52. Mtapata 163 na kitu kidogo.

Zitazameni namba tatu katika daftari zenu: 350, 250, 163. Nataka mwelewe vizuri jambo hili, maana ndiyo shabaha ya somo la leo. Ile 350 haikuokotwa njiani. Ilikuwa karibu na mchango wenyewe kabla ya kukatwa punguzo, na ukitafuta katika vitabu vya hesabu ungeuona. Aliyeiandika angeweza kukuonyesha ukurasa. Kilichokosekana ni hesabu ya kutoa. Ndiyo sababu watu wengi werevu walipita chini ya basi lile wakaamini. Sisi tumezoea kudhani kwamba mwongo hutunga namba. Mara nyingi hatungi, bali anachukua namba iliyopo na kuacha kukuambia kinachopaswa kutolewa.

Uingereza ina Mamlaka ya Takwimu, ambayo kazi yake ni kuangalia hesabu za taifa zisitumiwe vibaya. Mwezi Mei mwaka ule ule mamlaka hiyo ilitamka wazi kwamba namba ya basi inapotosha. Walioitumia hawakuiacha. Siku ya kura waliotaka kutoka walipata karibu 52 kwa mia, na waliotaka kubaki 48. Msiseme basi ndilo lililoshinda. Watu walikuwa na sababu nyingi, na wengine wangepiga kura vile vile hata kama basi lingekaa gereji.

Na upande wa pili je? Nao tuuweke kwenye mizani hiyo hiyo, maana mizani inayopima mtu mmoja tu haina maana. Mwezi Aprili Hazina ya serikali, iliyotaka nchi ibaki, ilitangaza kwamba nchi ikitoka, ifikapo mwaka 2030 kila nyumba itakuwa imepungukiwa na paundi 4,300 kwa mwaka. Namba hiyo ilipatikanaje? Walikadiria pato la nchi nzima litakuwa pungufu kwa kiasi gani, wakaligawanya pengo hilo kwa idadi ya nyumba. Lakini pato la nchi si mshahara wa nyumbani. Ndani yake mna viwanda, mna serikali, mna kila kitu. Tena walisema pungufu kuliko ambavyo lingekuwa, wala hawakusema pungufu kuliko leo. Msikilizaji wa kawaida alielewa kwamba atapokonywa paundi 4,300. Kamati ya wabunge iliyochunguza mambo hayo ililaumu pande zote mbili kwa namba zao.

Kabla hatujaondoka kwenye namba, neno moja juu ya asilimia. Mtu akisema, "Zahanati zimeongezeka kwa asilimia 100," mwulize zilikuwa ngapi. Kama ilikuwa moja na sasa ziko mbili, amesema kweli. Lakini mngesikia "mbili" msingepiga vigelegele.

Sasa tuje kwenye hila nyingine. Hii haihitaji kugawanya wala kutoa. Mimi naiita mdomo wa kuazima. Mtu anajua kwamba ninyi hamtamwamini yeye, kwa hiyo anasema kwa mdomo wa mtu mnayemwamini.

Tukae hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2017 Kenya ilikuwa na uchaguzi tarehe 8 Agosti. Siku chache kabla yake, picha za sinema zilianza kupita katika simu za watu. Moja ilikuwa na alama ya BBC, na nyingine ilikuwa na alama ya CNN ya Marekani. Zilionekana kama habari za kawaida, zikieleza kwamba uchunguzi wa maoni umeonyesha Rais Uhuru Kenyatta anaongoza. BBC ikatangaza kwamba haikutengeneza habari ile. CNN nayo ikakana. Mtu fulani alikuwa amezibandika alama zao juu ya kazi yake mwenyewe. Sasa fikirini jinsi habari ile ilivyoingia nyumbani. Haikuletwa na mgeni. Ililetwa na shemeji, na mjomba, na rafiki wa kazini, kila mmoja akimtumia mwenziwe kwa nia njema. Kwa hiyo midomo ya kuazima ilikuwa miwili: wa BBC, na wa shemeji yako.

Hila hii si ngeni, wala haikuanza na simu. Tarehe 25 Oktoba 1924, siku nne kabla ya uchaguzi wa Uingereza, gazeti la Daily Mail lilichapa barua iliyosemekana imeandikwa Moscow na Grigory Zinoviev, mkuu wa muungano wa vyama vya kikomunisti duniani, akiwahimiza wakomunisti wa Uingereza wajiandae kwa mapinduzi. Barua hiyo ilikusudiwa kukitia doa chama cha Labour, kilichokuwa madarakani. Labour ikashindwa. Leo wanahistoria wanakubali kwamba barua ile ilikuwa ya kughushi. Lakini siku ile, nani angeweza kwenda Moscow na kurudi kwa siku nne?

Na mwaka 2024, mwezi wa Januari, huko New Hampshire, Marekani, maelfu ya watu walipigiwa simu. Waliopokea walisikia sauti ya Rais Joe Biden ikiwaambia wasiende kupiga kura katika uchaguzi wa awali wa chama, bali waziweke kura zao mpaka Novemba. Hakuwa Biden. Ilikuwa sauti iliyotengenezwa na kompyuta kwa kumwiga. Simu zilipigwa siku mbili kabla ya kura. Mshauri wa siasa aliyeagiza jambo hilo alitozwa na serikali faini ya dola milioni 6.

Hesabuni siku: chache, nne, mbili. Habari ya namna hii huja uchaguzi ukiwa mlangoni, wakati hapana nafasi ya kuulizana. Basi habari kubwa ikikufikia dakika ya mwisho, nayo inakutia hasira au furaha kupita kiasi, usiitume kwa mwingine. Irudishe kwa mwenyewe. Kama wanasema ni redio fulani, fungua redio hiyo kwenye saa ya habari usikilize. Kama wanasema ni gazeti, mwombe muuza magazeti akuonyeshe gazeti lenyewe la siku hiyo, si picha yake. Kama ni sauti ya mtu unayemjua, mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Kama kituo chako cha kura kimehamishwa, nenda ukaulize ofisi ya uchaguzi, usimwulize mpiga debe.

Tena, hata habari ya uchunguzi wa maoni ikiwa ni ya BBC kweli, bado una swali: waliulizwa nani? Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilituma kadi kama milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba Alfred Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliotumiwa kadi yalitoka, kwa sehemu kubwa, katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na miaka ile ya shida maskini hakuwa na simu wala gari. Kwa hiyo, mgombea akisema, "Asilimia 80 wananiunga mkono," na aliwauliza waliokuja kwenye mkutano wake mwenyewe, mimi nashangaa tu kwamba hawakufika 100.

Juu ya zawadi nitasema kwa ufupi, maana mnazijua kuliko mimi. Tanzania mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa, ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa kawaida wa mgombea kwa wapiga kura. Neno takrima ni zuri, tumelirithi kwa wazee, na ndiyo maana lilifaa kufunikia. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na vyama vingine viwili wakaenda Mahakama Kuu kupinga, na mwaka 2006 mahakama ikavifuta vifungu hivyo kwamba ni kinyume cha Katiba. Lakini sukari bado huja usiku. Na pamoja na sukari huja maneno haya: "Tutajua umempigia nani." Hilo nalo ni dai, na linapimika. Kura ni siri. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeandika hivyo, na Tanzania vile vile mnapiga kura ya siri. Karatasi yako haina jina lako. Ukiisha kuikunja na kuitumbukiza, imechanganyika na nyingine kama punje katika gunia. Kina mama, nasema hasa nanyi, maana wengi mmetishwa kwa neno hilo, hata na watu wa nyumbani.

Mtauliza, sisi watu wa kijijini tutapata wapi ushahidi? Visima na barabara vina faida moja: vinaonekana. Tembeeni. Kwa fedha za kijiji, Tanzania kuna mkutano mkuu wa kijiji, ambapo mapato na matumizi hupaswa kusomwa, nanyi mna haki ya kuuliza pale. Kwa fedha za serikali, Tanzania ina Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na Kenya ina mkaguzi mkuu wake. Kila mwaka ripoti hutolewa na magazeti huandika yaliyomo. Maneno ya wabunge bungeni yanaandikwa pia, kwa hiyo mbunge anayesema "Nililipigania jambo hili" anaweza kuulizwa siku gani. Na wapo watu waliofanya ukaguzi huu kuwa kazi yao. Africa Check ilianzishwa mwaka 2012, na PesaCheck mwaka 2016. Vijana wenu wenye simu wanaweza kuwasomea. Lakini hata wao waulizeni wametoa wapi.

Nimebakiza jambo gumu kuliko yote, nalo si hesabu. Ni rahisi kumkagua mgombea usiyempenda. Kila neno lake unaliona lina kutu. Yule wa kwako, wa chama chako, wa kabila lako, aliyesoma na kaka yako, akisema visima 12 wewe unasikia 15. Juma hili nataka tuanze na huyo.

Kazi yenu ya nyumbani ni hii. Kila mmoja atafute sentensi moja yenye kitu cha kupimika, iliyosemwa au kuandikwa na mgombea au kiongozi anayempenda. Aiandike katika daftari kama ilivyo, bila kuongeza neno. Chini yake aandike tarehe, na mahali alipoisikia au kuisoma. Kisha aandike maswali yake, na majibu aliyoyapata kwa kutembea na kuuliza. Asiyepata jibu aache nafasi wazi, asijaze kwa kubahatisha. Viongozi wa madarasa, tafadhali chagueni sentensi tatu mtakazotuletea kwa barua, nami nitazisoma hapa bila kutaja jina la chama wala la mtu.

Juma lijalo tutafanya hesabu za riba, kwa wale wanaotaka kukopa mbegu. Kwa herini.